Kuchoma video za simu kwenye DVD ili deki izisome

Babu yangu hana habari na simu janja. Ana runinga, ana deki ya DVD, na rimoti ya deki hiyo anaibonyeza gizani bila kukosea. Nilipomaliza kumrekodi akisimulia maisha yake, vipande sita, jumla dakika 104, aliniambia jambo moja tu: "Mjukuu wangu, niwekee mahali nitakapojiona bila kukusumbua." Nikachukua diski tupu, nikaburuta faili mbili za kwanza, nikachoma, nikampelekea. Deki ikazungusha, ikanguruma kidogo, ikaandika kwamba diski haisomeki.

Diski ile haikuwa mbovu. Kompyuta yangu iliifungua bila shida. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimenakili faili, na deki ilitaka DVD iliyotengenezwa kama DVD. Tangu siku hiyo nimewachomea ndugu na majirani diski nyingi, na karibu kila anayeniletea diski "iliyokataa" amekwama hapo hapo.

Deki inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake inategemea kukuta faili za VOB, zenye picha na sauti, kila moja isiyozidi GB 1. Faili za IFO, zinazoielekeza ianzie wapi na sura ziko wapi. Na faili za BUP, ambazo ni nakala za akiba za hizo IFO. Picha iwe imebanwa kwa MPEG-2, ukubwa wa pikseli 720 kwa 576 ikiwa ni mfumo wa PAL, au 720 kwa 480 ikiwa ni NTSC; hiyo ni mifumo miwili ya picha za runinga, kila nchi na wake. Sauti iwe ya hezi 48,000, kwa kawaida ikiwa imebanwa kwa AC-3. Simu nayo hurekodi kwa ubanaji mwingine, H.264 au H.265, ndani ya faili za MP4 au MOV, mara nyingi pikseli 1920 kwa 1080. Kwa hiyo video lazima igeuzwe, na ikigeuzwa itapoteza sehemu ya ung'avu wake. Usisikitike sana. Kwenye runinga ya sebuleni, mtu akiwa amekaa mita tatu kutoka kwenye kioo, uso wa babu unaonekana vizuri kabisa. Ila faili za asili usizifute kamwe.

Kabla ya kuanza, igeuze deki uitazame. Ikiwa na nembo ya DivX, inaweza kucheza faili za AVI zilizobanwa kwa Xvid na sauti ya MP3 moja kwa moja kutoka kwenye diski ya data, yaani yenye faili zilizonakiliwa tu, na kazi yako itapungua sana. Ikiwa na tundu la USB, jaribu hizo hizo kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa faili uitwao FAT32, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Mimi bado napenda DVD kamili kwa wazee. Inaanza yenyewe, ina menyu, na mgeni akiiazima ataichezesha karibu kwenye deki yoyote nyumbani kwake.

Sasa faili zenyewe. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Mwanga ukififia, idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde hushuka, ukirudi, hupanda. Simu inapocheza video yake yenyewe hujirekebisha, lakini programu ya kutengeneza DVD hudhani mwendo ni ule ule mwanzo hadi mwisho, na sauti huanza kuachana na picha taratibu. Kwenye kipande cha nne, tulichorekodi jua likizama, babu alikuwa amekwisha kufunga mdomo na sauti bado inaendelea. Mwanzoni huoni kitu. Dakika ya ishirini ndipo unapojua.

Dawa yake ni kupitisha kila faili kwenye HandBrake kwanza. Ni programu ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. HandBrake yenyewe haitengenezi DVD, inakusafishia faili tu. Fungua sehemu ya Video, kwenye "Framerate" chagua 30, kisha weka alama kwenye "Constant Framerate". Ubora wa RF (namba ikiwa ndogo, picha ni safi zaidi) uwe 18 hivi, kwa kuwa faili hii ni ya kupitia tu na hutaki iharibike kabla ya mgeuzo wa pili. Ikikamilika, iangalie dakika tano za mwisho, siyo za mwanzo. Midomo na sauti vikienda pamoja kule mwishoni, umepona.

Kama ulirekodi simu ikiwa wima, ukubali mistari mipana myeusi pande zote mbili. Usiivute picha ijaze kioo. Nimeona watu wakifanyiwa hivyo, wanatoka na mabega kama ya kabati.

Kuhusu PAL na NTSC, wengi huchagua kwa kuangalia nchi waliyopo. Mimi huangalia kamera kwanza. PAL ina fremu 25 kwa sekunde, NTSC ina 29.97. Simu ikiwa imerekodi 30, ukiipeleka kwenye PAL fremu tano hutupwa kila sekunde, na mtu anapopita mbele ya kamera unaona anarukaruka. Ukiipeleka NTSC karibu hakuna kinachopotea. Lakini runinga ndiyo yenye neno la mwisho. Runinga kuukuu ya PAL ikipewa NTSC inaweza kuonyesha rangi nyeusi na nyeupe tu, au picha ikawa inapanda na kushuka, na vyombo vilivyotengenezwa kwa nchi za NTSC mara nyingi havikubali PAL kabisa. Choma kipande cha dakika mbili kwa kila mfumo ujaribu. Kwa babu zote mbili zilikubali, nikabaki na NTSC.

Kuna hesabu moja ambayo sitaki uiruke, hata kama programu inajidai kuifanya yenyewe. Diski ya kawaida ya tabaka moja ni GB 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Windows huhesabu kwa njia nyingine na kukuonyesha 4.38, ni diski ile ile. Mimi siijazi hadi ukingoni, nakomea bilioni 4.3. Zidisha mara 8 upate biti: ni megabiti 34,400. Dakika 104 za babu ni sekunde 6,240. Gawanya, unapata megabiti 5.5 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa sauti, kilobiti 224, toa na kiasi kidogo cha ufungashaji, inabaki kama 5.1 kwa picha. Nikaandika 5,100 kwenye nafasi ya kilobiti.

Kanuni za DVD haziruhusu picha ipite megabiti 9.8 kwa sekunde. Mimi sipiti 8 hata video ikiwa fupi, kwa sababu diski ya kuchoma nyumbani husomeka kwa taabu kuliko ya kiwandani, na deki iliyochoka hukwama mtiririko ukiwa mzito. Ukishuka chini ya 4, majani yanayotikiswa na upepo huanza kuvunjika vijiraba. Kwa hiyo video ya saa tatu igawe kwenye diski mbili. Zipo diski za tabaka mbili za GB 8.5, lakini deki za zamani huganda pale leza inapohama tabaka, na baadhi hazizisomi kabisa.

Kutengeneza DVD yenyewe natumia DVDStyler, nayo ni ya bure. Ukianza mradi mpya inakuuliza yote uliyokwisha kuamua: ukubwa wa diski, PAL au NTSC, umbo la picha 16:9, sauti AC-3, na kiwango cha kilobiti. Buruta faili zako kwenye mstari wa chini kwa mpangilio unaoutaka. Halafu menyu. Hapa nakuomba umfikirie mtu atakayeshika rimoti. Nimeona menyu zenye maua, muziki na maandishi membamba ambayo mtu mwenye miwani hawezi kuyasoma. Ya babu ina mandharinyuma ya rangi moja iliyokoza na vitufe saba: "Anza mwanzo", kisha visa sita kwa majina yake, maandishi meupe manene. Usiweke kitu karibu na kingo, kwa sababu runinga za zamani hukata pembeni. Acha kama sehemu moja ya kumi kila upande. Na angalia kila kipande kikiisha kinakwenda wapi. Ya kwangu ya kwanza ilirudi kwenye menyu kila baada ya kisa, ikambidi babu ainuke mara tano kutafuta miwani.

Programu itakuuliza kama ichome moja kwa moja. Ikatalie. Iambie itengeneze faili ya ISO, yaani faili moja inayobeba diski nzima, kisha uifungue hiyo ISO kwa VLC, programu ya kuchezesha video. Bonyeza kila kitufe cha menyu kwa mishale ya kibodi, ruka sura, sikiliza sauti. Kosa ukiliona hapa hujapoteza diski.

Kwa diski tupu, nachagua DVD-R. DVD+R nayo ni nzuri, lakini deki za kale nyingi huielewa zaidi ile ya kutoa kuliko ya kujumlisha. Zile za RW, zinazofutika, hurudisha mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo ni za majaribio tu, tena kwa deki inayozikubali.

Kuchoma kwenye Windows natumia ImgBurn. Kwenye Linux K3b inafanya kazi hiyo hiyo. Chagua kuandika faili ya ISO kwenye diski, acha alama kwenye "Verify" (uhakiki), na upunguze mwendo. Diski iliyoandikwa 16x naichoma kwa 8x, na kwa deki kuukuu 4x. Mwendo wa 1x kwa DVD ni kama megabaiti 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo kwa 8x diski nzima inakwisha kwa dakika saba hadi kumi, na uhakiki unaongeza nyingine. Wanaotafuta mwendo wa chini kabisa hawapati faida, maana diski za sasa hazikuundwa kwa mwendo huo na kiendeshi huweza kuukataa. Kompyuta mpakato iwe kwenye umeme, ikae mahali imara, usiifungulie kazi nzito wakati leza inafanya kazi. Na usiiache diski wazi ili uongeze vitu baadaye: deki inataka diski iliyofungwa.

Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukingo ndiyo sehemu inayoyumba zaidi inapozunguka, ndiyo inayoshikwa na vidole, na ndiyo inayobeba mwisho wa video. Ndiyo maana filamu ya kuchoma hugandia robo ya mwisho wakati mwanzo ulienda safi, na ndiyo maana mimi naacha ile nafasi tupu ya pembeni. Kwa hiyo ukiipeleka diski kwa mwenyewe, usiondoke baada ya menyu kuonekana. Ruka hadi dakika kumi za mwisho, kwenye deki yake na siyo yako, ukae uzitazame zote.

Andika jina juu ya diski kwa kalamu laini ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati. Karatasi ya kubandika usiitumie. Gundi huvuta upande mmoja na diski hutetemeka ndani ya deki. Ihifadhiwe ikiwa imesimama ndani ya kasha lake, mbali na dirisha, kwani rangi inayobeba maandishi ya leza hufifia kwa jua. Ya babu nimeiandika BABU 1 kwa herufi kubwa. Nakala ya pili ninayo mimi, na ISO pamoja na zile faili sita za asili ziko kwenye hifadhi mbili tofauti, ili ya kwake ikikwaruzika nimchomee nyingine jioni hiyo hiyo bila kurudia hata hatua moja ya HandBrake.