Kulungu nyumbu: upige kutoka umbali gani, na kwa bunduki ipi

Kulungu nyumbu wa magharibi mwa Marekani ana tabia inayomponza. Akishtuka hukimbia kwa kudunda, miguu yote minne ikiruka kwa pamoja, kisha akifika ukingo wa mteremko husimama kidogo na kugeuza shingo aone kilichomfukuza. (Jina limetokana na masikio yake, makubwa kama ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, si yule mwenye ndevu wa mbugani.) Kisimamo hicho ni cha sekunde chache tu, na mara nyingi mnyama ameshafika yadi 150 au 250. Bunduki inayofaa ni ile utakayowahi kuilaza juu ya begi, ukaituliza na kupiga kabla hajageuka kuendelea na safari.

Umbali tunautaja kwa yadi kwa sababu maboksi ya risasi na vipima umbali vya leza vya huko hutumia yadi. Yadi 100 ni mita 91.

Ardhi ndiyo inayoamua. Kwenye vijisitu vya mireteni na misonobari mifupi ya Utah au Arizona, utamwona dume akiwa yadi 50 hadi 150, na hutakuwa na muda. Kwenye makorongo na nyanda za vichaka vya seji, Wyoming na Nevada, tarajia yadi 150 hadi 300. Juu ya mstari wa miti, kwenye mabonde ya Colorado yaliyopita mita 3,000, unaweza kumwona dume ng'ambo ya bonde akiwa yadi 400 au zaidi. Lakini kumwona si kumpiga: mchana ni mrefu, upepo unajulikana unakotoka, na mara nyingi ukizunguka nyuma ya ukingo utapunguza yadi 150. Wengi huangushwa chini ya yadi 300.

Mpaka wako wewe unaujua kwa sahani ya karatasi. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu huyu ina upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo sahani ya sentimita 20 ni kipimo cha haki. Iweke yadi 100, kimbia kidogo hadi moyo uende mbio, kaa chini au lala nyuma ya begi, piga risasi tano. Zote zikiingia, sogeza sahani hadi yadi 150, kisha 200. Umbali wa mwisho ambapo zote tano zimeingia ndio mpaka wako. Usiupime kwenye meza ya uwanja wa shabaha, maana mlimani hakuna meza.

Sasa bunduki. Dume mzima huwa na kilo 70 hadi 110 hivi, wachache huzidi hapo. Si mnyama wa kuhitaji mzinga. .270 Winchester, aina ya risasi iliyotoka mwaka 1925, bado inamtosha kabisa, na risasi yake ya greni 130 (gramu 8.4) inatoka mtutuni kwa takriban mita 930 kwa sekunde. .30-06, .308, 7mm-08, .280 Remington na 6.5 Creedmoor zote zinafanya kazi hiyohiyo, na tofauti zao ni ndogo kuliko ubishi unaozizunguka. .243 inaua vizuri ikipigwa na mtu mtulivu, ila tumia risasi ya greni 95 au 100 yenye ganda imara na usiivushe yadi 250. .30-30 ya mwaka 1895 ni ya vijisitu tu. Baada ya yadi 150 risasi yake huanza kushuka kwa haraka.

Magnamu, yaani risasi zenye baruti nyingi kuliko kawaida, ndizo zinazowakosesha wengi. 7mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum zinapunguza kushuka kwa risasi, ni kweli, lakini .300 inapiga teke takriban mara mbili ya 6.5 Creedmoor kwenye bunduki ya uzito uleule. Mpigaji anayeliogopa teke hufumba macho na kunyakua kifyatulio badala ya kukibana taratibu, na risasi huishia tumboni. Ukitaka kujua kama unafanya hivyo, mwombe mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara kwa risasi ya kweli, mara kwa ya bandia. Kwenye ya bandia, mdomo wa bunduki ukichovya chini, umejikamata.

Chagua bunduki ya kukoki kwa mkono, mtutu wa inchi 22 hadi 24, uzito wa kilo 3.2 hadi 3.8 pamoja na darubini. Nyepesi kuliko hapo ni raha begani lakini ni shida kuituliza ukiwa unahema. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Iache kwenye 4 unapotembea, kwa sababu ukiwa kwenye 9 na dume ametokea yadi 60, utaona manyoya tu.

Kuhusu risasi yenyewe: nchani ipanuke, lakini isivunjike vipande. Risasi laini ya magnamu ikigonga bega kwa karibu hulipuka juu juu na kuharibu nyama. Za shaba tupu hupenya sana, ila zinahitaji kasi ili zifunguke. Zisifike kwa mnyama chini ya takriban mita 600 kwa sekunde. California imekataza risasi za madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Colorado inataka kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) isiyopungua .24, risasi inayopanuka ya angalau greni 70 kwa kulungu, na nguvu ya futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Kila jimbo lina kanuni zake, na hubadilika. Soma za mwaka huo kabla ya kununua kibali.

Kurekebisha shabaha, anza yadi 25 ili usipoteze risasi ukitafuta karatasi. Kisha nenda yadi 100, piga tatu tatu, uache mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Kwenye darubini nyingi za Marekani mbofyo mmoja wa kitufe cha kurekebishia unasogeza risasi milimita 7 kwenye yadi 100. Kwa .270 weka kundi sentimita 4 juu ya kitovu kwenye yadi 100: hapo itapiga katikati kwenye yadi 200, itashuka karibu sentimita 17 kwenye 300, na karibu nusu mita kwenye 400. Maana yake ni kwamba hadi yadi 250 unalenga palepale, bila hesabu. Hakikisha kwa kupiga kweli kwenye 200 na 300. Jedwali la kwenye boksi lilitokana na mtutu usio wako. Ukifika kambini piga tena, kwa kuwa safari hulegeza skrubu za darubini.

Upepo ni mbaya kuliko umbali. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni unaisogeza risasi ya .270 karibu sentimita 16 kwenye yadi 300, na karibu 30 kwenye 400. Hapo umeshatoka mapafuni. Tena upepo wa korongoni hauvumi sawa kwako na kwake.

Mteremko nao una hesabu yake. Risasi hushuka kwa kufuata umbali wa mlalo, si ule wa mshazari. Ukipiga yadi 300 kwa pembe ya digrii 30, iwe juu au chini, lenga kana kwamba ni yadi 260. Asiyejua hili hupitisha risasi juu ya mgongo.

Kosa la mwisho linaonekana la kijinga mpaka likupate. Umelala nyuma ya jiwe, kwenye darubini dume yuko wazi kabisa, unapiga, vumbi linakurukia usoni. Darubini imekaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu. Jicho limevuka jiwe, mtutu haujavuka. Kabla ya kugusa kifyatulio inua kichwa, tazama mbele ya mdomo wa bunduki. Na usiulaze mtutu wenyewe juu ya jiwe, kwa sababu utaruka na kupiga juu. Weka begi au koti chini ya mbao ya bunduki.

Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya mwili, nyuma kidogo ya bega. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikupa makalio, mwache. Akiwa juu ya ukingo na nyuma yake ni anga tupu, mwache pia. Hujui risasi itaangukia wapi.

Ukishapiga, koki tena papo hapo na uendelee kumtazama kwenye darubini. Kariri jiwe au kichaka alichosimamia, maana ukivuka bonde kila kitu hubadilika sura. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, utamkuta karibu. Damu yenye uchafu wa kijani ni ya tumbo: kaa chini, subiri saa kadhaa, kwani ukimfuata mapema atainuka na kuvuka ukingo wa pili.