Mashine ya nyama ya mota: punguza mwendo kwanza

Kazi yangu ni mashine za kusaga mahindi, hapa Uyole, Mbeya. Hii ya kusaga nyama niliiunda kwa kufunga mota kwenye mashine ya mkono, kwa ajili ya mke wangu anayeuza sambusa. Kila alfajiri alikuwa akizungusha kilo nane kwa mkono, hadi bega likawa halimpi usingizi.

Mwanzoni nilikosea, nikawaza kama fundi wa mahindi: nikaipa mbio. Nyama ikatoka uji wa kijivu, mafuta yamenata kwenye kisu, na chuma kimoto. Mota ya kawaida ya umeme wa nyumbani inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Nyama inataka mara 150 hadi 250 tu. Kwa hiyo nikafunga puli, yaani gurudumu la mkanda, ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 18 upande wa mashine. Mwendo unagawanyika kwa sita, unabaki kama 230. Mota ya hospawa moja inatosha kabisa kwa mashine ya mkono ya ukubwa namba 22.

Puli kubwa usiifunge kwenye mkia wa parafujo inayosukuma nyama. Mashine ya mkono haina beringi, na mkanda ukivuta upande mmoja utakula tundu lake mpaka parafujo icheze. Weka shafti yake peke yake juu ya beringi mbili, kisha iunganishe na mkia kwa kapulingi aliyoikereza fundi, ikazwe kwa bolti. Usimruhusu mtu achomelee mkia ule. Ni chuma cha kumimina, kinapasuka.

Kabla ya kutoa mpini, zungusha kwa mkono na uchore mshale kwenye bodi ya mashine. Mota lazima ifuate mshale huo. Ikienda kinyume nyama inarudi juu.

Fremu ni chuma cha engo. Mota ikae mbali na shafti kwa inchi 20 au zaidi, la sivyo mkanda utashika sehemu ndogo mno ya puli ndogo na kuteleza. Matundu ya bolti za mota yawe marefu ili uweze kuivuta. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja na nusu. Funika mkanda wote kwa bati, na waya wa ethi ufungwe kwenye fremu.

Sasa kisu, na hapa ndipo watu wengi wanapolaumu mota bure. Upande bapa wa kisu unatazama sahani yenye matundu. Ukikigeuza, hakikati, kinaponda. Vyote viwili vilale bila mwanya: tandika msasa namba 400 juu ya kioo, mwagia maji, sugua sahani kwa kuzungusha hadi ing'ae sawasawa pote, kisha kisu vivyo hivyo. Nati ya mbele ikaze kwa mkono tu. Nyama ikitoka imepondeka, kaza zaidi kidogo. Sahani ikipata moto, legeza. Usiiwashe kavu hata kidogo, vyuma vitalana.

Kisha pitisha vipande vya mkate mkavu hadi vitoke vyeupe bila weusi wa chuma. Huo mkate utupe.

Nyama iwe ya baridi. Iweke kwenye friji kwa muda wa saa mbili. Ya machinjioni ikiwa bado na joto lake haisagiki vizuri. Toa mishipa, kata vipande vya unene wa kidole gumba.

Na mkono usiingie mdomoni mwa mashine, hata ikiwa imezimwa kwa swichi; kwanza chomoa plagi. Mke wangu anasukuma kwa mchi nilioupa bega pana, hauwezi kufika kwenye parafujo. Akimaliza anafungua kila kitu, anaosha kwa maji ya moto, anakausha na kupaka mafuta ya kula, maana ukungu wa huku unaleta kutu kwa usiku mmoja.