Jinsi ya Kuandaa Mikutano ya Wananchi Kabla ya Barabara Kuu Kujengwa

Barabara kuu ikipangwa kupita mahali, wenyeji huuliza mawili kabla ya mengine yote: inapita wapi hasa, na sisi tutabaki na nini? Nimekuwa mratibu wa mikutano hii nchini Kenya, nikipokea na kuandika maoni. Mkutano usiojibu swali la kwanza hauna maana, hata kama orodha ya waliohudhuria imejaa sahihi. Nawaandikia wataalamu wanaoanza kazi, wazee wa mtaa, na yeyote ambaye shamba lake liko karibu na vigingi vinavyoonyesha njia ya barabara.

Hatua ya 1: Tenganisha mazingira na fidia

Kuna sheria mbili hapa. Sheria ya mazingira ya 1999, pamoja na kanuni zake za 2003, inamtaka mwenye mradi asikilize watu kuhusu athari kabla NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, haijatoa leseni. Sheria ya Ardhi ya 2012 ndiyo inayosimamia kutwaliwa kwa mashamba, na vikao vyake huendeshwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Nyuma ya zote mbili kuna Kifungu cha 10 cha Katiba, kinachotaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Lisemeni hili mapema. Mtu aliyekuja kuuliza bei ya ekari yake, akaishia kusikia habari za vumbi na kelele, ataondoka akiamini amefichwa jambo.

Hatua ya 2: Tangaza mpaka habari ifike

Kanuni zinataka mabango katika sehemu za wazi karibu na mradi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na tangazo la redio angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Taarifa ya mkutano itoke angalau wiki moja kabla, na mahali na saa viwafae watu.

Hicho ni kiwango cha chini tu. Gazeti halifiki kwa mama anayeuza mboga njia panda, na huyo ndiye atakayehamishwa kwanza. Pitia kwa chifu, kwa wazee wa nyumba kumi, msikitini, kanisani na kwenye stendi ya bodaboda. Uliza siku ya soko ni ipi. Mkutano wangu wa kwanza niliuitisha asubuhi ya siku ya soko. Walikuja wanaume wachache, na wanawake ambao kisima chao kilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara (ukanda wa ardhi uliotengewa barabara) hawakusikika siku hiyo. Ilibidi niurudie.

Hatua ya 3: Fanya mikutano mitatu au zaidi, na uonyeshe mstari

Mitatu ndiyo idadi ya chini kwa mujibu wa kanuni. Barabara ndefu inahitaji mingi zaidi, kwa sababu wa kijiji cha juu hajui mafuriko ya kijiji cha chini.

Hapa ndipo kazi ilipo. Ramani ya mhandisi imeandikwa 12+400, yaani kilomita 12 na mita 400 kutoka mwanzo wa barabara. Mkulima anaijua nchi yake kwa mwembe, kisima na makaburi ya wazee. Kwa hiyo andika alama hizo juu ya ramani, kisha siku moja kabla ya mkutano tembea mstari huo pamoja na wenyeji. Mkikaa chini kuzungumza, maswali yatakuwa mengine kabisa: Watoto watavukia wapi kwenda shule ukuta wa kati ukijengwa? Kalvati itamwaga maji shamba la nani? Changarawe itachimbwa wapi, na shimo litafukiwa na nani? Ng'ombe watapita wapi kwenda mtoni?

Usiitishe mikutano yote kabla athari hazijajulikana. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, sababu moja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Ule ulikuwa mradi wa umeme, lakini kanuni hizohizo zinaibana barabara.

Hatua ya 4: Andika maneno kama yalivyosemwa

Lazima awepo mratibu mwenye sifa wa kupokea maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Usiandike "jamii iliunga mkono mradi". Andika nani alisema nini, kisha msomee palepale ili akurekebishe. Upinzani uandikwe kwa uzito uleule.

Hatua ya 5: Fuatilia ripoti

Ripoti ikifika NEMA, umma hualikwa tena kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Baada ya hapo NEMA inaweza kuitisha kikao cha hadhara chini ya msimamizi inayemteua yenyewe. Tarehe hutangazwa angalau wiki moja kabla, mwenye mradi hupewa nafasi ya kujibu, na msimamizi hupeleka taarifa yake ndani ya siku 14. Kwa kuwa kikao hiki si cha lazima, wanaokitaka wakiombe kwa barua.

Hatua ya 6: Jiandae kwa kikao cha ardhi

Tume huweka tarehe ya kusikiliza madai siku 30 au zaidi baada ya kutangaza nia ya kutwaa ardhi, na notisi ya kikao hutoka katika Gazeti Rasmi angalau siku 15 kabla. Dai la fidia liwasilishwe kwa maandishi, si baada ya siku ya kikao. Beba hati ya shamba, kitambulisho, na picha za nyumba, miti na mazao. Ardhi ikiwa bado kwa jina la babu aliyefariki, anza suala la urithi leo.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Mazingira. Nakala za mabango, barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa na kumbukumbu za mikutano ndizo utakazoulizwa huko, kwa hiyo zitunze tangu bango la kwanza linapobandikwa.