Sili ya draisuti ikichanika, badilisha mwenyewe tu

Draisuti ni suti ya kuzamia isiyoingiza maji, na sili ni mpira mwembamba unaobana mkononi na shingoni ili maji yasipite. Mnaozamia huku Uskoti mnajua, Scapa Flow, ile ghuba ya Orkney, hata mwezi wa nane maji ni nyuzi 13 au 14 hivi, sio Pemba ambako wetsuti (suti inayoruhusu maji kuingia) ya milimita 3 inatosha kabisa. Sili ya mkono ikipasuka hapo unalowa mpaka kwapani na baridi yake siyo ya kuvumilia.

Naongelea sili za lateksi za kubandika kwa gundi. Za silikoni hazishiki gundi hizi, zinakaa kwenye ringi maalum, kwa hiyo hizo achana nazo. Lateksi ivute taratibu kwenye mwanga, ukiona vinyufa vidogo vidogo au inanata vidoleni basi muda wake umeisha, jua na mafuta ya kujipaka ndiyo vinaimaliza haraka.

Kabla ya kutoa piga picha uone ilibandikwa ndani ya mkono wa suti au nje, na mwisho wake uko wapi, chora alama. Halafu pasha moto kwa draya ya nywele, kidogo kidogo, huku unaivuta. Usiikazanie na joto, kitambaa cha suti kinaweza kuachana matabaka. Kama ukanda wa zamani, yaani sehemu ya sili iliyobandikwa kwenye suti, bado umeshika vizuri pande zote, mimi nashauri kata sili uache sentimita 2 za ule ukanda ubandike mpya juu yake, ni salama kuliko kuumiza suti.

Ndani ya mkono ingiza chupa ya soda ya lita 2 au kopo lolote linalojaza vizuri bila kuvuta, maana kukiwa na kunyanzi hata moja maji yatapita hapohapo. Piga msasa laini pande zote mbili zitakazogusana, ya suti na ya sili, futa kwa spiriti, acha ikauke, zungushia tepu kwenye mpaka ili gundi isisambae.

Gundi kama ndio mara ya kwanza chukua Aquaseal, gundi inayokauka taratibu, maana ile ya kontakti ikigusana imeshika hapohapo huwezi kusogeza tena. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri ianze kunata, vaisha sili ukitoa hewa kwa kidole kutoka katikati kwenda nje, funga tepu kuzunguka na uiache saa 24, fungua madirisha harufu yake ni kali.

Shingo ndiyo ya kuwa makini. Sili mpya huwa inabana, unaipanua kwa kukata ringi moja moja kwenye ukingo wake, milimita 5 hivi, kwa mkasi mkali, mkato mmoja laini maana kikichomoza kijino kidogo mpasuko utaanzia hapo. Kila ukikata vaa ukae dakika kadhaa nyumbani. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kizito vua mara moja, inabana mishipa ya shingo na hiyo inaweza kushusha mapigo ya moyo mpaka mtu azimie, kwenye maji ni hatari kubwa, kwa hiyo kata tena.

Mwisho ziba mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa duara kama wa kuchezea, funga zipu na valvu ya kutolea hewa, jaza suti upepo kisha pitisha sponji yenye maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoka mahali weka alama, suuza, kausha kabisa, ongeza gundi hapo na usubiri saa 24 nyingine.