Tarehe ya kuangalia kabla ya kununua hisa kwa ajili ya gawio

Kampuni zinapotangaza gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, mazungumzo ya hisa hupamba moto katika mabaraza ya Mji wa Kale, na juzi nilimsikia ami mmoja, kikombe cha kahawa tungu mkononi, akiazimia kutoa akiba yake yote chamani anunue hisa kabla ya siku ya malipo. Nilimsihi aisome kwanza tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, kwa sababu anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo daftarini siku hiyo, hata kama malipo yenyewe yatakuja wiki nyingi baadaye. Tena katika Soko la Hisa la Nairobi ununuzi huchukua siku kadhaa za kazi kukamilika, na wikendi hazihesabiwi.

Kisha tulipiga hesabu nyuma ya risiti. Hisa 1,000 zenye gawio la shilingi 1 kila moja huleta shilingi 1,000, lakini mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, akabaki na 950, na kamisheni ya dalali hulipwa wakati wa kununua na wakati wa kuuza pia. Zaidi ya hayo, bei kwa kawaida hushuka haki ya gawio ikishapita, maana mnunuzi mpya hatalipata. Ikishuka kwa shilingi 1 tu kwa kila hisa, anayeuza upesi amekwisha kupata hasara. Ami aliikunja ile risiti, akaitia mfukoni, akasema chamani hataenda wiki hii.