Noti ya kale: kagua karatasi kwanza, sura baadaye

Watu wakiniletea noti za zamani hapa Jinja, Uganda, karibu wote huanza na sura. "Mzee, si huyu Amin mwenyewe?" Ni Amin, sawa. Ila sura ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kunakili. Skana na printa nzuri zitakutolea Amin, Obote au Mfalme George wakati chai yako bado ya moto. Kazi ngumu kwa mnakili ni karatasi, wino ulivyokaa juu ya karatasi, na jinsi noti ilivyochakaa mikononi mwa watu. Mimi nanunua na kuuza noti hizi, na natamani kila mwenye noti ya babu yake kabatini aweze kuikagua mwenyewe kabla hajafika mezani kwangu au kwa mtu mwingine yeyote.

Jua kwanza ni noti ya zama zipi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na shilingi yake ikaanza kutumika 1921. Noti zake zilibeba sura ya George wa Tano, kisha George wa Sita, kisha Malkia Elizabeth. Toleo la 1964 likaondoa sura za kifalme na kuweka chombo cha tanga ziwani. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa 1966 na kutoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, zenye nembo ya taifa bila sura ya mtu. Za Amin zilifuata kuanzia 1973, na za Obote miaka ya 1980. Mwaka 1987 pesa ikabadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Ukijua haya tu, nakala nyingine zinaanguka zenyewe. Noti kubwa kuliko zote ya Amin ni ya shilingi 100. Mtu akikuletea Amin wa shilingi 1,000, huna haja hata ya kutoa lenzi.

Sasa itoe noti juani, uishike kati ya macho yako na mwanga. Alama ya maji ya kweli iko ndani ya karatasi: imetengenezwa karatasi ikiwa bado rojo, ikawa nyembamba hapa na nene pale, ndiyo maana kivuli chake kinafifia polepole kutoka cheusi kwenda cheupe. Kwenye noti za 1966 utaona mkono. Kwenye za Amin, korongo wetu wa taifa. Halafu ilaze noti mezani, usiinyanyue. Kama alama ile bado inaonekana wazi, kama doa la kijivu lenye ukingo mkali, hiyo imechapwa juu. Kwenye nakala nyingine huoni kitu ukiinua wala ukilaza.

Kidole nacho kina kazi yake. Sura na maandishi makubwa ya noti hizi yalichapwa kwa bamba la chuma lililochongwa, wino ukaingia kwenye michongo na kubandikwa kwa nguvu kubwa. Pitisha ukucha polepole kwenye bega la Amin au kwenye maandishi ya jina la benki, utasikia mkwaruzo mdogo. Noti iliyotumika sana hupoteza mwinuko huo sehemu fulani, kwa hiyo jaribu pembeni ambako vidole vya watu havikufika sana. Ukiwa na lenzi inayokuza mara 10, angalia nywele na macho: kwenye noti halisi ni mistari mizima, myembamba, yenye rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye nakala ni vitone vya buluu, wekundu na manjano vimepangwa pamoja vikijifanya mstari. Kipimo hiki nakiamini kuliko vyote, na lenzi yenyewe si ghali.

Na mikunjo, tafadhali msiipite haraka. Kuna wakati niliweka pembeni kwa pembeni noti mbili za shilingi 50 za Amin, zile ambazo nyuma zina bwawa la umeme. Zote zilikuwa na mkunjo wa katikati, zote zilionekana zimeteseka. Ya kwanza, wino ulikuwa umepasuka juu ya mkunjo na nyuzi nyeupe za karatasi zikachungulia. Ukiigeuza, mkunjo uleule uko upande wa pili mahali palepale. Ya pili, mkunjo ulikuwa mstari wa kijivu tu. Kidole kilipita pale bila kuhisi chochote, na nyuma hapakuwa na kitu. Mnakili alikuwa ameskani noti halisi iliyokunjika, akachapa mkunjo wake pamoja na picha. Mtindo mwingine ni kuchovya nakala kwenye chai ili ionekane kongwe. Rangi ya chai huenea sawasawa mpaka kona zote, ilhali uchafu wa mikono hukaa zaidi kwenye mikunjo na kingo.

Wakala wengi wa pesa kwa simu wana ile taa ndogo ya zambarau ya kukagua noti. Muombe kwa adabu akuwashie. Karatasi ya ofisini ya siku hizi hung'aa buluu chini ya taa hiyo kwa sababu ya dawa ya kuifanya nyeupe. Karatasi ya noti ya kale hubaki imepoa, haing'ai. Ila noti halisi iliyofuliwa na sabuni ya unga ndani ya mfuko wa suruali nayo inaweza kung'aa. Kwa hiyo taa peke yake isikuhukumie noti ya mtu.

Namba ya mfululizo: ukikuta noti mbili za aina moja zenye herufi na namba zilezile, basi walau moja ni nakala, na mara nyingi zote mbili. Tazama pia kona na kingo kama kuna neno COPY au REPLICA limechapwa kwa herufi ndogo, au kama ukingo umekatwa mahali neno hilo lingekuwa.

Kuna aina moja ya noti inayovuruga vipimo vyote hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza ziliwafungia njia Wajerumani wa Tanganyika, pesa kutoka Ujerumani ikakatika, wakaanza kuchapa noti za rupia hukohuko koloni, kwa zana duni na kwenye karatasi za aina mbalimbali. Hizo ni halisi ingawa zinaonekana kama kazi ya mtoto wa shule. Ukipata ya namna hiyo, usiitupe na usiiuze siku hiyohiyo.

Noti za "dhahabu" zinazong'aa pande zote wala usizikague. Ni mapambo.

Ukiwa unanunua kwenye soko la vitu vya sanaa, mwambie muuzaji kwa upole: "Ndugu, naomba niitazame pale kwenye jua." Anayejua mali yake ni halisi atatoka nawe. Anayekuharakisha, mrudishie noti yake na umshukuru. Kununua nakala ukijua ni nakala hakuna ubaya, watoto wanajifunza mengi kwazo. Ila ukifika nyumbani andika NAKALA nyuma yake kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa, ili hata baada yako asije mtu akaiuza kama halisi.