Namna ya Kutumia Ritifaa Kufupisha Maneno ya Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili huijua ritifaa kutokana na maneno kama “ng'ombe” na “ng'ambo”, ambamo hutofautisha sauti tu, wala hakuna herufi iliyoondolewa. Katika ufupisho wa Kiingereza kazi yake inakaribia zaidi inkisari ya washairi wetu: neno hupunguzwa, na alama hukaa palepale ilipotoka herufi.

Tuchukue “do not”. Yaunganishe maneno hayo mawili yawe “donot”, kisha uiondoe o ya pili, ambayo humezwa katika matamshi, na uweke ritifaa mahali pake. Utapata “don't”. Wanafunzi wengi huandika “do'nt” kwa kudhani kwamba alama hiyo huunganisha maneno, na kwamba kwa hiyo inastahili kukaa mpakani, ilhali mpaka wa maneno hauihusu hata kidogo. Kwa utaratibu huohuo “is not” huwa “isn't”, na “they are” huwa “they're”. Zikiondolewa herufi mbili, kama “I will” inapokuwa “I'll”, ritifaa hubaki moja. Neno “won't” ndilo linaloonekana kuvunja kanuni, kwa sababu lilitokana na “woll”, umbo la kale la “will”. Hilo likariri lilivyo.

Baadhi ya vifupisho vina maana zaidi ya moja, na neno linalofuata ndilo hutoa uamuzi. “She's tired” ni “she is”, lakini “she's gone away twice” ni “she has”. Vivyo hivyo, “I'd go” ni “I would”, na “I'd gone” ni “I had”.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote ni “it's” na “its”, ambapo hata waandishi wazoefu huteleza. Chanzo cha mkanganyo kinaeleweka: ritifaa huonyesha pia umilikaji kwenye nomino, kama katika “the dog's tail”, hivyo mtu huona ni haki kuandika “it's tail”. Hata hivyo, vimilikishi “its”, “hers”, “ours”, “yours” na “theirs” havichukui ritifaa kamwe. Kabla ya kuandika “it's”, soma sentensi yako kwa “it is” au “it has”. “The dog wagged it is tail” haileti maana yoyote. Basi andika “its”. Jaribio hilo hilo hutenganisha “you're” na “your”, na pia “who's” na “whose”.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na sikio. Kwa kuwa “should've” husikika kama “should of”, wengi huandika hivyo, na ninawasihi wanaojifunza waliepuke mapema kabla halijawa mazoea: neno lililofupishwa pale ni “have”.

Mwishowe, si kila mahali panaruhusu ufupisho. Ukiulizwa “Are you ready?”, jibu ni “Yes, I am”, wala si “Yes, I'm”, kwa kuwa kitenzi kinachofunga jibu la kukubali hutamkwa kwa mkazo, na kisauti chenye mkazo hakimezwi. Jibu la kukanusha halina kizuizi hicho, hivyo “No, I'm not” ni sahihi kabisa. Katika barua rasmi na maandishi ya kitaaluma, andika maneno yote kwa ukamilifu.